Je, Wajua? Daktari Aliyesikiliza Moyo kwa Vidole

Helen Taussig, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898, alitatizika kusoma tangu utotoni kwa sababu ya disleksia. Alipotaka udaktari, Chuo Kikuu cha Harvard, alikofundisha baba yake mzazi, hakikuwa kikiwapa wanawake shahada hiyo. Akahamia Chuo Kikuu cha Boston, kisha Johns Hopkins mjini Baltimore, akahitimu mwaka 1927.

Masikio nayo yakamsaliti. Daktari wa moyo asiyesikia vizuri? Taussig aliweka vidole kifuani mwa mtoto na kuyapapasa mapigo.

Watoto waliozaliwa na midomo ya samawati ndio waliomshughulisha zaidi. Aling'amua kwamba damu yao haifiki mapafuni kwa kiasi cha kutosha, akapendekeza ichepushwe. Novemba 1944 mpasuaji Alfred Blalock alimfanyia mtoto mchanga upasuaji huo, kwa kutoa damu kwenye ateri iendayo mkononi na kuielekeza mapafuni. Nyuma yake, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza: fundi wa maabara, mtu mweusi asiye na shahada yoyote, aliyeujaribu kwanza kwa mbwa.

Uprofesa kamili Taussig aliupata mwaka 1959, miaka 15 baadaye.