Pindo kivyake, mji kivyake: safari ya Kanchipuram

Shangazi alikuja Chennai kwa matibabu ya tezi ya shingo, kama wanavyokuja Watanzania wengi na magonjwa yao, na kati ya kipimo na majibu tukabaki na siku tatu za kukaa tu. Nimeishi huku miaka ya kutosha kujua kwamba mgonjwa akifungiwa chumbani siku tatu anaanza kuugua upya. Nikamwambia, "Shangazi, kesho alfajiri twende Kanchi." Akauliza kuna nini. Nikasema kuna mahekalu na hariri. Mahekalu hayakumshtua. Hariri ndiyo iliyomfanya aulize basi linaondoka saa ngapi.

Kanchipuram, au Kanchi kwa mkato, iko kilomita sabini na kitu kusini-magharibi mwa Chennai. Njiani unapita Sriperumbudur, eneo la viwanda ambako Hyundai wanaunda magari. Eneo hilo liweke akilini, nitalirudia.

Tulianza na hekalu la Kailasanathar kwa sababu jua lilikuwa bado halijachachamaa, na hekaluni viatu huvuliwa mlangoni. Anayekwenda mchana ajue kwamba mahekalu mengi ya huku hufungwa mnamo saa sita na kufunguliwa tena saa kumi jioni. Katikati hapo utabaki na jiwe lenye moto chini ya nyayo na mlango uliofungwa mbele yako. Asiye Mhindu pia ajue kwamba mara nyingi atafika uani na kwenye kumbi, lakini si kwenye chumba cha ndani anamokaa mungu mwenyewe.

Kailasanathar lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8 na mfalme Narasimhavarman wa Pili, aliyejulikana pia kama Rajasimha, wa ukoo wa Pallava. Hawa ndio walioifanya Kanchi kuwa makao makuu yao kwa karne kadhaa, na msafiri wa Kichina Xuanzang aliikuta ikiwa mji mkubwa alipopita karne ya 7. Jiwe la hekalu ni la mchanga, laini, na limelika. Simba wa nguzoni wengine hawana pua. Kuzunguka ua kuna vijumba vidogo vya ibada 58, vimepangana kama vibanda vya soko. Ndani ya baadhi yake bado zimebaki alama za rangi za zamani, nyekundu na manjano, zikiwa zimeng'ang'ania lipu.

Kuna kisa kimoja cha hekalu hili ninachokipenda kuliko vyote. Katika karne hiyohiyo ya 8, Vikramaditya wa Pili, mfalme wa Chalukya na adui wa jadi wa Pallava, aliuteka mji. Ilitegemewa apore. Badala yake alirudisha mali ya hekalu, na akaacha maandishi kwenye nguzo kwa Kikannada, lugha ya kwao, ili watu wasome alichofanya. Shangazi aliposikia alisema, "Kumbe alitaka asifiwe." Inawezekana. Lakini maandishi yapo na mali ilirudi.

Tuje kwenye hariri, na kwanza niondoe dhana niliyokuja nayo mimi mwenyewe: Kanchi haijulikani kwa kufuga viwavi wa hariri. Uzi mwingi hutoka jimbo jirani la Karnataka. Zari, ule uzi unaong'aa kama dhahabu, hutoka Surat, Gujarat, mbali kaskazini-magharibi. Basi mji umepataje jina kwa kitu ambacho malighafi yake inatoka kwingine?

Jibu liko hekaluni. Katika mahekalu ya kusini mwa India mungu hutunzwa kama mfalme anayeishi pale: huamshwa, huogeshwa, huvikwa, hulishwa, hulazwa. Anayevikwa kila siku anahitaji nguo, na mji wenye mahekalu mengi una miungu wengi wa kuvika, mbali na mahujaji na maharusi. Wafumi wakakaa kwenye mitaa ya jirani. Jamii za wafumi husimulia kwamba asili yao ni Markanda, mfumi wa miungu, aliyefuma nguo kwa nyuzi za ua la yungiyungi. Zamani kazi yenyewe ilikuwa ya pamba. Hariri husimuliwa kuwa ilishika kasi enzi za wafalme wa Vijayanagara, wafumi walipohamia kutoka upande wa Andhra. Ni wafalme haohao waliosimamisha mnara wa lango la hekalu la Ekambareswarar, karibu mita 60 kwenda juu, mwaka 1509.

Mfumi aliyetukaribisha anaishi kwenye nyumba ndefu nyembamba, na chumba cha mbele chote ni mtambo. Mtambo umefungwa juu ya shimo. Yeye hukaa ukingoni, miguu shimoni ikikanyaga kanyagio. Juu ya kichwa chake zinaning'inia kadi ngumu zenye matundu, mamia, zimeshonwa kama mkanda, na matundu hayo ndiyo yanayoamua uzi upi uinuke ili nakshi itokee. Mke wake alitueleza kwamba kabla ya kupandishwa mtamboni, mtande, yaani nyuzi za urefu, hupakwa maji ya wali na kutandazwa mtaani alfajiri, kutoka mlango hadi mlango, kabla pikipiki hazijaanza kupita.

Shangazi aliinama akaangalia, kisha akasema kwa Kiswahili, kana kwamba mfumi anamwelewa, "Hebu nionyeshe pindo." Mimi nilikuwa nahangaika namna ya kueleza sari, kumbe maneno tunayo. Sari ya Kanchi ina pindo na mji kama kanga. Tofauti ni kwamba kanga hupigwa chapa pindo na mji kwa pamoja, kwenye kitambaa kimoja. Hapa pindo lina mtande wake wa rangi yake, mji una wake, na vinaungana palepale mtamboni, mstari kwa mstari. Njia hiyo wanaiita korvai. Kila mstari huhitaji vijiti vitatu vya uzi: kimoja cha pindo la kulia, kimoja cha mji, kimoja cha pindo la kushoto. Mfumi peke yake hafikii ipasavyo, kwa hiyo pembeni hukaa msaidizi wa kupokea na kurudisha. Uzi wa pindo na uzi wa mji hukumbatiana penye mpaka kisha kila mmoja anarudi kwake. Ukipitisha kidole gumba kwa nyuma unausikia mpaka huo, kama kovu dogo lililonyooka. Wakati mwingine mpaka huchongwa meno meno kama safu ya minara ya hekalu.

Kisha kuna pallu, upande wa mwisho unaoning'inia begani. Ukiwa wa rangi nyingine, nyuzi za mtande wa mji hukatwa na nyuzi mpya huungwa kwa kusokotwa na vidole, uzi mmoja mmoja, maelfu. Kazi hiyo wanaiita petni. Sari moja huchukua wiki mbili, na yenye nakshi nyingi huzidi hapo. Kinachoipa Kanchi sifa ni huku kuunga, nguo tatu zikavaliwa kama moja bila kuachana hata kitambaa kikichakaa.

Na hapa ndipo penye kidonda. Kuunga ndiko kunakokula muda, na muda ndio unaolipwa kidogo. Mfumi hulipwa kwa sari, na mfanyabiashara au chama cha ushirika, si kwa saa. Mitambo ya umeme hutoa sari inayofanana, bila korvai, kwa bei ya kutupa, ingawa iko sheria ya mwaka 1985 inayotenga baadhi ya nguo zifumwe kwa mkono tu, na jina la hariri ya Kanchi lenyewe limesajiliwa kulinda asili yake. Vijana hawasubiri sheria. Wanapanda basi la kiwanda kwenda Sriperumbudur, ambako kuna mshahara wa mwezi. Iko filamu ya Kitamil ya mwaka 2008, Kanchivaram, ya Priyadarshan: mfumi amemwahidi binti yake sari ya hariri ya harusi, na kwa kuwa hawezi kuinunua, anaiba nyuzi za tajiri wake kidogo kidogo kwa kuzificha mdomoni. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani wametia chumvi. Baada ya kukaa kwenye kile chumba sina hakika.

Anayetaka kununua asimfuate dereva wa bajaji. Sisi tulimfuata. (Jina bajaji tumelitoa kwenye kampuni ya hukuhuku, lakini wenyewe wanaziita auto.) Alitupeleka kwenye duka "la binamu yake", ambako bei ilikuwa imeshabeba fungu lake. Angalia alama ya Silk Mark. Uliza kama ni korvai. Kwaruza zari kidogo: ya kweli ina moyo wa uzi mwekundu wa hariri, na juu yake fedha iliyochovywa dhahabu. Ni kwa sababu ya fedha hiyo watu hupita mitaani wakinunua sari kuukuu ili waziyeyushe.

Tulimalizia kwenye hekalu la Varadharaja Perumal, ambako kwenye bwawa hulazwa sanamu iliyochongwa kwa mti wa mtini, Athi Varadar, inayotolewa majini mara moja kila miaka 40 na kuonyeshwa siku 48. Ilitoka 1979, ikatoka tena Julai na Agosti 2019. Ijayo ni 2059. Shangazi alihesabu kwa vidole. "Nitakuwa na tisini na tano," akasema, akaulizia choo kiko wapi. Nje tulikula idli ya Kanchi, mkate wa mchele wa kupika kwa mvuke wenye pilipili manga na binzari nyembamba, ndugu wa mbali wa kitumbua.

Sari hakununua. Aliniuliza kama kwa bei ile anaweza kukata magauni mawili, nikamtafsiria muuzaji, muuzaji akashika kifua. Lakini mke wa mfumi alikuwa amempa kishungi cha mabaki ya mtande, zambarau na kijani, yameungwa katikati kwa petni. Alikifunga kwenye mpini wa sanduku lake. Wiki mbili baadaye, akiwa tayari na dawa zake na barua ya daktari, alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege Dar: masanduku meusi yalikuwa mengi, la kwake kaliona kwa mbali.