Hesabu ya Pamba Huanza Kabla ya Mizani

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, lakini katika viwanda vya kuchambua pamba vya Bariadi yupo mtu ambaye wake huwa umeanza mapema. Huyo ni mkadiriaji gharama. Kazi yake ni kumweleza mwenye kiwanda bei ya juu anayoweza kumlipa mkulima bila kula mtaji.

Kazi hii ilipata uzito mwaka 1994, wafanyabiashara binafsi walipoingia katika soko la pamba.

Kilo 100 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 33 hadi 36 za nyuzi; sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, ambazo huuzwa kwa wakamua mafuta. Tuseme mkulima analipwa Sh 1,200 kwa kilo. Nyuzi zikiwa asilimia 34, kilo moja ya nyuzi imekula pamba ya Sh 3,529. Zikishuka hadi asilimia 32, inakula Sh 3,750. Kwa tani moja tofauti ni karibu Sh 221,000, na hapo hajaandika nauli ya lori kutoka Meatu, ushuru wa halmashauri, umeme wala riba ya benki. Mauzo ya mbegu ndiyo hupunguza makali.

Tatizo ni kwamba asilimia hiyo hujulikana pamba ikishapita mashineni, ilhali fedha zilikwisha kulipwa kijijini. Maji na mchanga navyo hununuliwa kwa bei ya pamba. Mkadiriaji asiyetoka ofisini kutia mkono katika pamba ni wa kuogopwa.

Kisha kuna New York, ambako bei hutajwa kwa senti za dola kwa ratili. Mwaka 2019 bei ya mkulima ilipangwa Sh 1,200, huku soko la dunia likishuka kwa mvutano wa kibiashara wa Marekani na China. Hesabu zikagoma. Wanunuzi wengi walisita, na pamba ikalala ghalani kwa miezi. Mwaka 2020 bei ikawa Sh 810.

Msomaji anayeombwa kuchangia mtaji wa kununua pamba aombe kwanza karatasi ya makadirio. Akikuta nyuzi asilimia 38, aulize zimepimwa kwa pamba ya wilaya gani, na msimu upi.