Mtoto Mmoja, Taarifa Tatu: Kwa Nini Mzazi, Mwalimu na Mtoto Hutofautiana

Mzazi aitwapo shuleni kuhusu mwenendo wa mtoto wake, mara nyingi husikia habari za mtoto asiyemtambua. Mwalimu hueleza kuwa mtoto hatulii darasani na huwasumbua wenzake. Mzazi hujibu kuwa nyumbani mtoto huyo huyo ni mtiifu, huchota maji na kuwaangalia wadogo zake bila kusukumwa. Mtoto mwenyewe hunyamaza, kwa kuwa hajaulizwa. Kikao hugeuka kuwa cha kumtafuta mwongo, na adhabu humwangukia mtoto.

Tofauti hiyo ni ya kawaida. Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Achenbach, pamoja na wenzake walilinganisha matokeo ya tafiti 119 kuhusu matatizo ya tabia na hisia za watoto. Katika kipimo walichotumia, 0 humaanisha kuwa taarifa mbili hazihusiani, na 1 kuwa zinawiana kikamilifu. Watu wenye nafasi inayofanana kwa mtoto, kama vile baba na mama, walifikia wastani wa 0.60. Wenye nafasi tofauti, kama vile mzazi na mwalimu, walifikia 0.28. Taarifa ya mtoto mwenyewe ikilinganishwa na za wengine ilifikia 0.22 tu.

Kila mmoja huona upande wake

Mwalimu humwona mtoto akiwa miongoni mwa wenzake wa rika moja, hivyo ni rahisi kwake kulinganisha. Mzazi humwona wakati wa kula, wa kulala na wa kuugua, naye anajua kama nyumba imepatwa na msiba au ugomvi. Mtoto peke yake ndiye ajuaye yasiyoonekana: hofu, huzuni, au kuonewa njiani.

Matatizo yanayoonekana kwa macho, kama kupigana, huafikiwa zaidi kuliko yale ya moyoni. Hapo ndipo penye hatari: mtoto mpole anaweza kusifiwa nyumbani na shuleni, kumbe anaumia.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa darasa la nne. Mwalimu anasema humsumbua jirani yake kila wanaponakili kazi ubaoni. Mzazi anasema nyumbani hana tatizo lolote. Alipoulizwa kwa upole, mtoto akasema haoni vizuri maandishi ya ubaoni, ndiyo maana huchungulia daftari la mwenzake. Wote watatu walisema kweli. Dawa ya mtoto huyo ni kupimwa macho, si kiboko.

Hatua za kuchukua

Kabla ya adhabu yoyote, wazazi na walimu wanashauriwa:

1. Kueleza matendo badala ya kumpa mtoto jina. Kauli "ametoka darasani mara tatu wiki hii" husaidia kuliko "ni mtukutu".
2. Kuulizana tatizo hutokea wapi, saa ngapi na mbele ya nani. Tatizo la mahali pamoja huashiria kuwa chanzo kinaweza kuwa mahali hapo.
3. Kumsikiliza mtoto faraghani, bila vitisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa.
4. Kumwona Afisa Ustawi wa Jamii au kufika kituo cha afya, iwapo tatizo linaendelea.

Kutofautiana kwa taarifa kusiwe sababu ya kupuuza. Mtoto akisema anapigwa, ananyanyaswa au anataka kujidhuru, kauli yake ichukuliwe kwa uzito hata kama hakuna mwingine aliyeona. Taarifa itolewe mara moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa kupiga simu namba 116 bila malipo.

Mzazi na mwalimu wanapokutana tena, swali la kwanza lisiwe nani anasema kweli, bali kila mmoja ameona nini, na mtoto mwenyewe anasemaje.