Slaidi Haibandikwi kwenye Fomu

Ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba utapita Idete, kijiji ambacho watafiti wa malaria wanakijua hata kama hawajawahi kukanyaga matope ya bonde la Kilombero. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto 586 wa hapo, wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, walishiriki jaribio la SPf66, chanjo ya Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Majaribio kadhaa ya nchi nyingine hayakuiunga mkono, na chanjo ikawekwa kando. Lakini leo ninachotaka kukizungumzia ni slaidi.

Kwenye maabara ya malaria, tone la damu hupakwa juu ya kioo kiitwacho slaidi, kioo kikapewa namba, na namba ikaandikwa kwenye fomu ya mtoto. Kioo chenyewe huenda kulala sandukuni. Sijamwona fundi maabara aliyekibandika kioo kwenye fomu kwa gundi, maana kabati lisingefungika.

Sisi watu wa kompyuta tumebandika bila haya. Tangu Septemba 1996 kaya za Kilombero na Ulanga zimekuwa zikifuatiliwa kwa ajili ya takwimu za uzazi, vifo na uhamaji, kwanza kwa madaftari, kisha kwa vifaa vya kielektroniki. Kifaa kina kamera, na kamera inatamanisha: piga picha kadi ya kliniki, piga chandarua kilichotoboka, piga upele. Mtengeneza programu mwenye haraka huigeuza picha kuwa maandishi kwa njia iitwayo Base64 na kuisokomeza ndani ya rekodi ileile yenye jina na tarehe ya kuzaliwa.

Base64 hutumia herufi nne kubeba baiti tatu, kwa hiyo picha ya megabaiti 1.5 inakuwa 2. Tuseme rekodi ni 20,000, kila moja ikiwa na maneno ya kilobaiti 2 na picha moja. Maneno yote kwa pamoja ni megabaiti 40, yanaenea kwenye simu ya bei rahisi. Picha ni gigabaiti 40. Bekapu ya kila usiku inabeba mzigo mara elfu ya kile ambacho mtakwimu anakihitaji, na anayefungua fomu kusoma tarehe moja tu anaivuta na picha, kwa mtandao wa kijijini.

Dawa ni ile ya maabara: picha iende kwenye hifadhi ya wingu, rekodi ibaki na namba. Namba nzuri haitungwi, hukokotolewa kutoka kwenye picha yenyewe. Kanuni iitwayo SHA-256 hutoa alama 64, na ikibadilika hata baiti moja alama hizo hubadilika. Pakia picha kwa jina hilo, ishushe tena, kokotoa upya, linganisha. Zikilingana, andika namba kwenye safu mpya ya jedwali. Safu ya zamani usiiguse kwanza.

Hapo ndipo watu huungua. Nimeshuhudia mradi mmoja ukifuta safu ya zamani jioni ileile, kwa furaha ya kumaliza. Asubuhi picha kadhaa zikakutwa zina baiti sifuri, maana mtandao ulikatika katikati na programu haikulalamika. Waliokolewa na bekapu. Acha wiki kadhaa zipite, kisha futa kwa mafungu. Na usishangae ukiona diski haijapungua: hifadhidata ya PostgreSQL huiweka nafasi iliyoachwa kwa matumizi yake yenyewe hadi uiamuru VACUUM FULL, ambayo hulifunga jedwali wakati ikifanya kazi. Fanya usiku.

Wingu lenyewe liko wapi? Amazon ilianzisha hifadhi yake ya S3 mwaka 2006, na tangu 2020 ina vituo Cape Town. Ipo pia programu ya MinIO, inayoweza kusimikwa kwenye seva yako mwenyewe Ifakara au Dar es Salaam ukaongea lugha ileile ya S3. Uchaguzi huu si wa bei peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi, na sura ya mtoto mwenye upele ni taarifa nyeti. Popote utakapoiweka, mlango uwe umefungwa, na kiungo cha kuitazama kiishe muda baada ya dakika chache.

Kisha siku moja mama atakuja kuomba picha ya mwanawe ifutwe. Zamani ulifuta rekodi, ikaondoka na kila kitu. Sasa ukifuta namba, picha inabaki ghalani bila mwenyewe. Ukifuta picha, hesabu kwanza rekodi zinazoitumia: rekodi mbili zenye picha ileile zina namba ileile, na huenda ya pili ni ya pacha wake.