Sheria au ualimu? Hesabu za kupiga kabla ya kuthibitisha chuo

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, huwapo vijana waliofaulu vizuri ambao hata hivyo hukosa usingizi. Shida yao ni kuwa na nafasi mbili. Aliyesoma mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, anaweza kuchaguliwa na chuo kimoja kusoma sheria na kingine kusoma ualimu. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haumruhusu kushika vyote: hana budi kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, tena kabla dirisha halijafungwa.

Wengi humwambia afuate anachokipenda. Ushauri huo haumfai anayependa vyote viwili. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: njia ipi, nikiiacha leo, nitaweza kuirudia kesho?

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayowapumbaza wazazi wengi. Shahada yake huchukua miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Hata hivyo, shahada hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Kwa Tanzania Bara, mhitimu hupaswa kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, maarufu kama Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko nako si lelemama. Matokeo yaliyozua mjadala Oktoba 2022 yalionesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Serikali ililazimika kuunda kamati, chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe, kuchunguza kulikoni. Familia inayomhesabia mtoto miaka minne basi na ihesabu zaidi, pamoja na ada na nauli zake.

Ualimu ni mfupi zaidi: shahada ya miaka mitatu, na mazoezi ya kufundisha humfikisha mwanafunzi darasani mapema, akajua kama kazi hiyo anaiweza. Mwiba wake uko kwenye ajira. Zamani mhitimu alisubiri kupangiwa kituo. Siku hizi hushindana. Katika usaili wa walimu wa mwaka 2025, waombaji zaidi ya laki mbili waligombea nafasi zisizofika 15,000.

Hapo ndipo swali la kurudi nyuma linapopata uzito. Mwalimu anaweza kusoma sheria baadaye huku akiendelea na kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, hutoa shahada hiyo. Mwanasheria anayetaka kufundisha sekondari ana mlima mkali zaidi. Stashahada ya uzamili ya ualimu ipo, lakini imelengwa kwa wenye shahada za masomo yanayofundishwa shuleni, na sheria si mojawapo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeyumba kweli kweli, na ambaye kwao fedha ni ya kuunga unga, ana sababu nzuri ya kuanza na ualimu. Mwenye uwezo wa kuhimili safari ndefu asiogope sheria kwa ajili ya takwimu za mwaka mmoja.

Kabla ya kuthibitisha, inafaa kwenda kuona. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, hivyo siku tatu kwenye benchi la mahakama ya Kisutu au ya mwanzo iliyo jirani hufundisha mengi kuliko filamu: kesi kuahirishwa, majalada kutafutwa, wakili kusubiri tangu asubuhi. Shuleni nako, mwalimu wako wa zamani hatakunyima ruhusa ya kuona rundo la madaftari anayosahihisha.

Anayebadili nia baada ya kuthibitisha bado anaweza kuomba kuhama programu katika muda uliopangwa, mradi awe na sifa zinazotakiwa na nafasi iwe ipo. Na mkopo je? Hilo aiulize Bodi ya Mikopo kabla ya kuhama.