Omba Ripoti Yako Kabla ya Kubadilisha Bima ya Gari

Hapa Marekani, kampuni ya bima haitegemei maelezo yako peke yake. Madai yako ya hadi miaka 7 nyuma yamo katika ripoti iitwayo CLUE, inayotunzwa na LexisNexis: tarehe, aina ya ajali, kiasi kilicholipwa. Sheria ya shirikisho inakupa haki ya nakala moja bure kila miezi 12, unaomba mtandaoni.

Mimi niliomba baada ya kutajiwa bei ya kutisha. Kumbe gari langu lililogongwa likiwa limeegeshwa, nami niko wodini zamu ya usiku, kampuni yangu ya zamani ilikuwa imeandika kosa ni langu! Nilipinga kwa maandishi nikiambatanisha ripoti ya polisi. Kwa kawaida uchunguzi una siku 30. Kosa likafutwa, nikaomba bei upya, ikashuka.

Someni kila mstari, hasa kama mtoto au ndugu naye anaendesha kwa bima yenu. Hakikisheni pia jina na tarehe ya kuzaliwa. Akina Juma Ali na Asha Mohamed tuko wengi huku.