Kabla ya buldoza kuingia uani

Mwenye kupita Al-Minzafah, mtaa wa kale wa Ibra, huyaona majumba ya mawe na udongo yaliyobaki magofu. Baadhi yake yalijengwa kwa fedha za biashara ya Zanzibar na mwambao wetu.

Jamaa zetu wa huko wamerithi nyumba ya aina hiyo, na ghala la tende la uani lilikuwa limeshaelemea upande mmoja. Watoto wakicheza chini yake. Ami yetu akasema buldoza litamaliza kazi asubuhi moja. Sisi tulio ugenini hatukupinga ghala livunjwe, kwani kuchelewa nako kunaua: Disemba 25, 2020 Beit el Ajaib, Unguja, iliporomoka huku ikikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Tulichoomba ni siku tatu tu.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu kifusi cha nyumba ya kale si taka, bali hugeuzwa taka. Tofali mbichi ni udongo na majani makavu. Ukiliroweka hurudi kuwa udongo, ukapiga tofali jipya au ukakandika ukuta. Lakini buldoza likishauchanganya na saruji, nondo na plastiki, haufai tena. Mwisho wake hutupwa wadini, na wadi iliyozibwa hulipa kisasi siku ya mvua. Watu wa Sur wanayakumbuka mafuriko ya kimbunga Gonu, Juni 2007.

Halafu kuna dari. Pamoja na magogo ya mitende, nyumba za wenye uwezo ziliezekwa boriti za mikoko, zilizovushwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Ukiivunja leo, huipati nyingine kwa urahisi.

Nizwa wametangulia. Katika Harat al-Aqr, chini ya ngome, wenyeji wamezikarabati nyumba za udongo zikawa hoteli ndogo na mikahawa.

Ami alikubali, ingawa kwa kunung'unika. Sisi hatukubeba hata karai moja. Tulichangia ujira wa vibarua. Walianza na dari, wakashuka na kuta kidogo kidogo, mbao kando, mawe kando, udongo kando. Mlango na boriti tisa zilitoka nzima.

Ghala halipo tena, na watoto wamepata uwanja wa kuchezea. Udongo wake umekandikwa ukuta wa nyumba kubwa, na ami sasa ndiye anayewaonesha wageni.